Samaki wa Kipaimara

Samaki wa kwanza Rozalia alimpasua huku anacheka. Alikuwa changu mnene, macho bado maangavu, na wanawake waliojaa uani walikuwa wakimtania kwamba mtu anayelipwa mshahara kwa kuwatazama samaki hawezi kujua kuwatoa matumbo. Wa pili alimpasua kimya. Alipofika kwa wa tatu alikuwa ameacha kusikia utani wa mtu yeyote, maana kisu kilipoingia tumboni damu nyeusi ilimwagika, na alipopitisha kidole gumba kwenye uti wa mgongo, ukapinda mahali ambapo mfupa haupindi. Ulikuwa umevunjika. Nje samaki hakuwa na mkwaruzo, si alama ya ndoana wala ya wavu, na magamba yote yalikuwa mahali pake.

Akamchukua wa nne, kolekole. Yaleyale. Ule mfuko wa hewa unaomwezesha samaki kuelea ulikuwa umepasuka, umebaki utando tu.

"Mama Faith, unapika au unafanya upasuaji?" aliuliza shangazi mmoja, na uani wakaangua kicheko.

Rozalia alimgeuza yule kolekole, akamkagua upande wa pili. Hasira ilikuwa imeshampanda, ila bado hakujua amwelekezee nani.

Pale Mnero, kijijini kwao Rozalia, watu wengi bahari wanaijua kwa harufu ya dagaa wa sokoni, na hakuna wa kuwalaumu; kazi yao ni ufuta na mihogo na korosho, na maji ya chumvi yako mbali. Kwa hiyo Rozalia aliporudi likizo yake ya kwanza akaeleza kwamba anavaa mtungi wa hewa mgongoni na kuwaongoza wageni chini ya bahari wakaone samaki, walimsikiliza kwa adabu na kumhurumia.

"Mnawaona, halafu?"

"Halafu tunapanda juu."

"Bila hata mmoja wa kitoweo?"

"Bila hata mmoja."

Wakatazamana. Tangu siku hiyo akaitwa Mama Tazama, na jina likanata kama utomvu wa korosho.

Kisiwa chenyewe kinaitwa Mbarakani, kidogo, kina hoteli moja ya wageni na kijiji kimoja cha wavuvi. Rozalia alifika pale kama mfua mashuka. Aliyemtoa kwenye karai la sabuni ni Kaimu, mzamiaji mkuu wa hoteli, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliyemwona siku moja akiogelea kwa mkupuo akifuata shuka lililopeperushwa na upepo. Mwanamke wa bara, asiyejua hata kula pweza, na haogopi maji! Kaimu akamfundisha kila kitu: kupumua polepole, kusawazisha masikio, kutompa mkunga, yule samaki kama nyoka, kidole hata akionekana amelala. Akamfundisha na sehemu za kuzamia, moja baada ya nyingine, kama mtu anavyomtembeza mgeni kwa majirani. Kulikuwa na Bustani, ambako matumbawe yamejipanga kama kabichi na vitatange wanazunguka wawiliwawili. Kulikuwa na Uwanja wa Taa, wale samaki bapa wenye mkia mrefu. Na kulikuwa na Mlango wa Kasa, pango lenye samaki tewa mkubwa kama mbuzi, mzee wa pale, aliyekuwa akitoka kuwakagua wageni kisha akarudi ndani kwa dharau. Rozalia aliwapenda wote, na hakuona aibu kusema hivyo. Alimpenda hata yule tewa mwenye majivuno.

Mwezi wa Aprili mwaka huu, asubuhi ya bahari tulivu, Kaimu alitangulia peke yake kwenda Mlango wa Kasa kupima mkondo, kama ilivyo desturi yao. Rozalia alikuwa kwenye boti akiwafunga wageni mikanda. Kishindo kilikuja kutoka chini. Ubao wa boti uliwapiga nyayo, na nyuma ya mwamba wakaona ngalawa moja yenye mashine ikigeuka. Hakusubiri. Alijitupa majini na vifaa vyake nusu vimefungwa.

Kule chini samaki walikuwa wanaanguka. Pono, tasi, vitatange wa Bustani waliokuwa wamepotea njia, wote wanaanguka taratibu ubavuubavu, wengine bado wanachezesha mapezi. Matumbawe ya vizazi na vizazi yalikuwa kifusi. Wavuvi wanaolipua kwa baruti huokota wale wanaoelea, na wengi wanaozama huwaacha waoze. Kaimu alikuwa ameketi mchangani ameshika masikio yake kwa mikono miwili, na damu iliyokuwa ikimtoka ilionekana ya kijani, kwa sababu kina kile hula rangi nyekundu. Rozalia alimpandisha juu akiwa amemkumbatia. Daktari alisema ngoma zote mbili za masikio zimepasuka, na la kushoto halitasikia tena. Hatazama tena maisha yake.

Sasa, mtu aliyeona hayo, akipewa kisu na beseni la samaki waliovunjika mgongo bila jeraha, hahitaji kuambiwa.

Alinawa mikono, akaenda barabarani ilikoegeshwa gari ndogo ya mizigo iliyoleta samaki alfajiri. Dereva, kijana wa pwani aitwaye Leonard, alikuwa kivulini anakunywa chai na mihogo.

"Asante kwa samaki, mdogo wangu. Wametoka wapi wazuri hivi?"

"Mbarakani, dada. Wa jana hao." Leonard alitabasamu, mdomo umejaa. "Zawadi ya wana wa kisiwani kwa mjomba wa mtoto. Si kesho mna kipaimara? Wakasema broo Agapiti asiaibike."

"Wanavua kwa nyavu gani?"

"Nyavu za nini siku hizi?" Akacheka. "Broo akituletea mzigo, mambo yanajipa. Hapa nasubiri magunia yangu tu, nisepe saa kumi."

Hakujua anaongea na nani. Kwake huyu alikuwa mwanamke wa jikoni mwenye magamba kwenye mikono.

Agapiti ni kaka yake Rozalia, tumbo moja, aliyemtangulia. Na hapa lazima ieleweke kwamba kwa Wamwera mtoto ana baba, lakini mwenye mtoto ni mjomba. Baba anaweza kuondoka, na wa Faith aliondoka mapema sana bila kuaga. Mjomba haondoki. Ndiye anayesimama siku ya sherehe, ndiye anayeulizwa posa, ndiye anayetupiwa maneno mtoto akikosea. Agapiti aliifanya kazi hiyo kwa kifua mbele. Miaka yote ambayo Rozalia alikuwa kisiwani, Faith alikulia kwa bibi yake chini ya macho ya mjomba, na sasa alikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni ya masista. Kipaimara chake hiki, pamoja na askofu, mchele, mbuzi na viti vya plastiki, kilikuwa mabegani mwa Agapiti. Riziki yake ilitoka Namungo, upande wa Ruangwa, alikokuwa na duara, shimo la kuchimba dhahabu, na kibali cha kununua baruti ya kupasulia mwamba.

Rozalia alimkuta ghalani, amevaa jezi ya mpira, anafunga mdomo wa gunia la ufuta kwa sindano kubwa.

"Kaka, ndani ya hayo magunia kuna nini?"

"Ufuta. Wewe unaona maharage?"

"Fungua."

Agapiti aliinua uso. Alikuwa mtu wa utani, lakini safari hii hakutania. Rozalia alimpita, akalishika gunia la karibu, akalifungua mwenyewe, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Ufuta ulikuwa juu tu. Chini yake mkono ulikutana na kona za sanduku.

"Usichezee vitu hivyo, Roza," Agapiti alisema haraka. "Toa mkono. Polepole."

"Kumbe unajua ni hatari."

"Ni vitu vya duara. Vimebaki."

"Vinakwenda kulipuliwa Mbarakani! Nimewapasua samaki wako. Wamevunjika migongo, kaka. Uliniletea mimi, nyumbani kwetu, nimpikie mwanangu kwa kipaimara chake!"

"Baruti, wavu, ndoana. Akishaingia kwenye nazi nani anamuuliza samaki alikufaje?"

Alisema hivyo kweli, na akashona tundu moja zaidi. Rozalia alitamani kumpiga. Si kwa mfano. Alitazama mchi uliokuwa umeegemezwa ukutani, akautazama tena, akaamua kuweka mikono nyuma.

"Nilikueleza kuhusu Kaimu. Mwezi wa nne nilikupigia nalia. Ukaniambia pole, ukaniambia dunia imeharibika. Baruti ile ilitoka wapi?"

Agapiti alirudisha macho kwenye gunia, akavuta uzi mpaka mwisho.

"Mimi silipui," alisema mwishowe. "Mimi nauza. Duara limejaa maji masika yote, vijana wamekimbia, nimebaki na kibali mkononi. Ulitaka nile kibali? Na wewe, walipokukata mshahara, ada ya Faith ilitoka wapi? Ulijiuliza? Ulinipigia ukasema, kaka nisaidie, wageni wamepungua. Nikasema usijali, mimi ni mjomba. Hukuuliza mjomba anazitoa wapi. Uliitikia asante."

"Wageni walipungua kwa sababu ya mabomu! Mshahara wangu ulikatwa kwa sababu yako! Unanikata mguu halafu unaniletea mkongojo, na unataka nikushukuru?"

Sauti yake ilikuwa imefika uani. Vicheko vya wanawake vilikatika. Rozalia alitoa simu kwenye kanga, akapiga namba, akaweka sauti ya nje. Aliyepokea alikuwa Zuhra, mke wa Kaimu.

"Shikamoo dada Zuhra. Naomba kuongea na mzee."

"Marahaba, mdogo wangu. Kuongea naye ni kazi, unajua. Ngoja nimsogezee upande wa kulia."

Kisha ikaja sauti ya Kaimu, ile sauti iliyokuwa ya chini, sasa anaipayuka kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Roza! Zuhra anasema ni wewe! Mimi sisikii, kwa hiyo nitasema tu! Mmezama leo? Maji yakoje? Yule tewa wa Mlangoni amerudi? Jana nilikaa ufukweni, wakapiga tena, nikasikia kwa miguu! Kwa miguu, Roza! Basi, msalimie mtoto, Mungu amjaze Roho wenu huyo Mtakatifu!"

Rozalia alimnyooshea kaka yake simu. Alimpa nafasi, na alitaka kwa moyo wote aitumie. Angesema samahani tu. Angekaa chini tu juu ya gunia na kushika kichwa, Rozalia angelia naye, wangetafuta njia ya kurudisha masanduku yale Namungo, na mambo yangeishia ghalani.

"Mpe pole yake," alisema Agapiti, akainama kutafuta sindano.

Hapo ndipo kitu kilipokatika. Watu husema hasira hasara, na huwa ni watu ambao hawajakasirikia kitu cha maana. Rozalia alitoka ghalani na kumkuta mama yake mlangoni, bibi yake Faith, amesimama na ungo ambao alikuwa ameusahau mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Ongea na wajomba zako wa ukoo," mama alisema kwa sauti ndogo. "Baada ya kipaimara. Tutawaita, tutakaa, atakanywa."

"Mzigo unaondoka leo, mama. Saa kumi."

"Uondoke. Huo ni mmoja tu."

"Mmoja ndio uliomtoa Kaimu masikio."

"Kaimu ni nani kwetu?" Mama alimshika mkono, ule wenye magamba. "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Mimi nina watoto wawili, Rozalia. Sina wa akiba. Ukilipeleka jambo hili nje ya ukoo, umebomoa nyumba, na ndani ya nyumba hiyo yumo mwanao."

Yalikuwa maneno ya kweli, na ndiyo maana yalimchoma. Alitazama uani. Faith alikuwa anasukwa nywele kwa ajili ya kesho, shingo imeinamishwa, macho yameinuliwa kumtafuta mama yake. Aliwaza kuhusu shule. Aliwaza kuhusu siku Faith atakapoposwa, na kiti cha mjomba kitakachokuwa kitupu. Akawaza vilevile kwamba yule mtoto amekula, amevaa na amesoma kwa samaki walioanguka ubavuubavu, na kwamba wakubwa wake wote wawili walijilisha upofu kwa kijiko kimoja. Alijichukia kwa ile asante yake ya kwenye simu. Lakini kujichukia hakumpunguzii samaki bomu.

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," alimwambia mama yake. "Umemchelea kaka mpaka sasa wanalia watu wa mbali."

Akavuka uani jinsi alivyokuwa, kanga ina damu, kisu kimebaki kwenye beseni. Barabarani alimpita Leonard, akasimamisha bodaboda, akasema Nachingwea mjini, kituo cha polisi. Kijana wa bodaboda alimwangalia, akawasha pikipiki bila kutaja bei.

Pale kituoni alieleza akiwa amesimama. Askari wa zamu alisikia neno baruti akaacha kuandika na kumwita mkubwa wake, naye alimuuliza mara mbili kama ana uhakika, kwa kuwa jambo la namna hii likishaanza halirudi.

"Nimeyashika masanduku kwa mkono wangu," alisema Rozalia.

"Na mwenye ghala ni nani wako?"

"Kaka yangu. Tumbo moja."

Mkubwa yule akaagiza gari.

Walifika Mnero kabla ya saa kumi. Leonard alijaribu kuwasha gari, akazuiwa. Masanduku yalitolewa ghalani moja moja, watu wamesogezwa mpaka ng'ambo ya barabara, na ule ufuta mzuri ukamwagika mlangoni, kuku wakaufurahia. Wageni waliotoka Lionja na vijiji vya jirani kuja kumshangilia mtoto walisimama na zawadi zao mikononi, wengine wakaanza kuondoka kidogokidogo bila kuaga, kama watu waliokumbuka wameacha mlango wazi.

Agapiti alitolewa akiwa na pingu juu ya ile jezi. Alipofika mbele ya dada yake alisimama. Rozalia alitegemea tusi, na alikuwa amejiandaa kurudisha.

"Nguo yake nyeupe iko kwa fundi," Agapiti alisema. "Imeshalipiwa. Ifuateni kabla hajafunga."

Akapanda gari. Faith, nywele zimesukwa upande mmoja tu, alikimbia nyuma ya gari lile akiita mjomba, mjomba, mpaka vumbi likammeza, akarudi, akapita mbele ya mama yake bila kumtazama na kuingia ndani.

Rozalia alibaki amesimama palepale. Alikuwa ametenda haki na alijua kwamba ametenda haki, na hasira yake haikupungua hata kidogo. Ilikuwa imepoteza tu mahali pa kwenda. Alimkasirikia Agapiti kwa ile nguo nyeupe zaidi kuliko kwa baruti. Angeweza kumsaidia kwa kuwa mbaya mpaka mwisho, hata hilo alikataa. Akaanza kulia kwa sauti, kwa ghadhabu, bila kujifunika uso.

Mama yake alikuja, akauweka chini ule ungo. Hakumshika bega wala hakumpiga. Alikivuta kile kiti cha mbele, kilichofungwa vitambaa tangu asubuhi kwa ajili ya mjomba wa mtoto, akakisogeza mpaka kikagusa magoti ya binti yake.

"Kaa," alisema. "Kesho utakaa hapa, watu wakuone. Kuanzia leo mjomba wake ni wewe. Ada yake, posa yake, msiba wake, vyote vyako. Na huyo aliyeko polisi, chakula utampelekea wewe, maana mimi sina miguu ya kufika."